Siku Nilizokuwa Hondohondo katika Nchi ya Kilamtu

Naandika taarifa hii nikiwa na akili timamu, ingawa mwalimu wetu wa nidhamu ana maoni yake kuhusu jambo hilo. Sitatia chumvi. Chumvi yenyewe shuleni kwetu hufungiwa stoo, na mimi nimepigwa marufuku kuikaribia stoo tangu muhula wa kwanza, kwa sababu zitakazojitokeza mbele.

Siku ya kufunga shule matroni husimama langoni na daftari. Mwanafunzi akichukuliwa na wazazi wake, jina lake hupigwa alama. Asiyechukuliwa huandikiwa neno moja tu mbele ya jina: Hajachukuliwa. Mwaka huu neno hilo liliandikwa mara moja. Bweni la watu themanini likabaki na mtu mmoja, naye alijitahidi kulichangamsha. Nilipiga kengele ya kuamka, nikajipanga mstari peke yangu, nikajikagua kucha, nikajikuta na hatia, nikajiadhibu. Vitanda vitupu havicheki. Siku ya tatu nilitoka kwa nyuma ya jiko, nikaendelea kutembea. Namna nilivyofika Kilamtu haina maana kwa msomaji, kwa kuwa njia zote ni vumbi na njaa.

Jambo la kwanza mgeni analopaswa kujifunza Kilamtu ni salamu. Nilimkuta mwuza nyama mmoja, mtu mnene aitwaye Bwana Kondo, akinoa kisu mlangoni pake.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Una nani?"

"Niko peke yangu."

"Sikuuliza umekuja na nani. Nimeuliza una nani. Mimi nina chui."

Nilitazama nyuma yake kwa tahadhari. Palikuwa na mizani, nzi, na mbavu za mbuzi.

"Yuko wapi?"

"Msituni, nadhani. Sijawahi kumwona. Hati yake ile pale." Akaelekeza kisu ukutani, kwenye karatasi iliyowekwa fremu ya dhahabu.

"Mimi sina."

Akaacha kunoa. Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja harusini bila suruali, kisha akaingia ndani bila kuaga.

Nilielezwa baadaye. Zamani wakubwa wa nchi ile walichoka kusema "kila mtu awalinde viumbe" huku kila mtu akimtazama jirani yake. Wakatunga sheria kwamba kila kiumbe wa porini aandikiwe mlinzi mmoja, mwenye jina na nyumba, ili kiumbe akidhurika ajulikane wa kuulizwa. Nitakuwa mwongo nikisema sheria hiyo ilikuwa ya kipumbavu siku iliyotungwa. Lakini kikafuata kifungu cha pili: kumlisha, kumgusa au kumsaidia kiumbe wa mwenzako ni kumtukana mwenzako hadharani. Kikafuata cha tatu: mtu asiye na kiumbe hasalimiwi. Na kwa kuwa watu ni watu, wote waliomba chui. Chui ni mmoja, kwa hesabu ya wenye matumaini, kwa hiyo kikafuata kifungu cha nne kinachoruhusu agawanywe. Ana walinzi mia nne na kumi. Bwana Kondo, kwa haki kabisa, anamiliki sehemu fulani ya mkia. Vyura wote wa mferejini wana mlinzi mmoja, mama aliyechelewa kufika siku ya kuandikisha.

Mchana ule ule niliiona sheria ikifanya kazi. Kobe alikuwa amepinduka katikati ya barabara, miguu ikipiga hewa. Watu watatu walisimama kivulini wakimhurumia.

"Mwenyewe anakuja," mmoja akaniambia. "Ametumiwa ujumbe."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Nilisogea, nikajikwaa kwenye kobe, kwa namna ambayo alijikuta amesimama kwa miguu yake. "Samahani," nikasema kwa majuto makubwa. "Nimejikwaa." Kobe akaondoka bila maelezo. Wale watatu wakaanza kujadili kama kujikwaa ni tusi au ajali, na nilipogeuka nyuma, mmoja wao alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, na mabega yakimtikisika.

Hiyo ndiyo furaha pekee niliyoipata siku hiyo. Nilizunguka mji mzima. Watu walikuwa wema, wasafi, na kila ukuta ulikuwa na hati katika fremu. Kila aliyeniuliza nina nani, nilimjibu, na kila niliyemjibu alikumbuka shughuli nyingine. Nimezoea kuchukiwa, maana hilo nalifanyia kazi. Kutosalimiwa ni jambo tofauti. Ni kama kuzungumza huku umefunikwa ndoo kichwani.

Katikati ya mji ipo Ofisi ya Hati, jengo lenye dirisha moja kubwa la kioo lililong'arishwa mpaka linarudisha anga. Mbele yake kuna mti wa mvule, na juu ya shina lake, kimo cha watu wawili, palikuwa na kitu kama kidonda kilichokauka: tundu lililozibwa kwa tope, likaachwa na ufa mwembamba. Chini ya mti, kwenye benchi, aliketi mwanamke wa makamo aliyevaa kitenge cha msiba. Watu walipita mbele yake bila kumtazama.

"Una nani?" nikamwuliza, maana nilikwisha kujifunza adabu.

"Nilikuwa na hondohondo dume. Alikufa juzi. Usinisalimie, mwanangu, watakuona."

"Na mimi sina. Basi tusisalimiane pamoja."

Akanitazama, akasogea kidogo kwenye benchi. Jina lake lilikuwa Bi Zamda.

Ni yeye aliyenifundisha mambo ya hondohondo, ndege yule mwenye mdomo mkubwa. Jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, na mlango huzibwa kwa tope, yeye akiwa ndani. Mle hunyonyoka manyoya ya mbawa asiweze kuruka. Kwa miezi anaishi kwa kile anacholetewa na dume kupitia ufa ule, tunda moja baada ya jingine, yeye na kinda lake. Dume asipokuja, hakuna mwingine.

"Na dume alikufa kwa nini?"

Akaelekeza kidole kwenye dirisha la Ofisi ya Hati. "Alimwona dume mwenzake mle. Akaja kupigana naye. Siku kumi na tisa alikuwa akijipiga kwenye kile kioo, anakwenda kumlisha mkewe, anarudi, anajipiga. Mimi nilimwandikia karani barua avute pazia. Barua kumi na moja."

"Akasemaje?"

"Alijibu zote. Ana mwandiko mzuri."

Kutoka juu ilisikika sauti ndogo, kavu, ya mdomo ukigonga tope kwa ndani. Tk. Kimya. Tk. Bi Zamda akainama kuzitazama ndala zake.

"Anauliza," akasema. "Jana alikuwa akiuliza kwa nguvu zaidi."

"Mlishe basi."

"Si wangu. Wangu alikuwa dume."

Niliingia ofisini. Karani alikuwa Mzee Ngwali, mtu mwembamba, mpole, aliyeketi mezani na daftari kubwa kama godoro la bweni. Pazia lilining'inia nyuma ya bega lake la kushoto. Angeweza kulifikia bila kuinuka.

"Shikamoo, mzee. Hili pazia halivutiki?"

"Marahaba. Linavutika vizuri sana."

"Na kile kishindo ulikisikia?"

"Siku kumi na tisa." Alisawazisha kalamu ikae sambamba na daftari. "Mimi nina konokono, kijana. Dume yule alikuwa wa Bi Zamda. Ningevuta pazia, ningekuwa namwambia nini mama wa watu? Kwamba hajui kulinda chake?"

"Alikuandikia barua kukuomba uvute."

"Maombi hupelekwa kwa Baraza. Baraza hukutana kila robo mwaka." Alikuwa akisema na meza. "Nilimjibu kwa heshima."

"Na jike ni wa nani?"

Akafungua daftari kwa furaha ya mtu aliyeulizwa swali analolijua. Jike alikuwa wa marehemu Mzee Selungo, aliyefariki miaka mitatu iliyopita. Faili lilikuwa linasubiri mrithi.

"Mrithi yupo?"

"Yupo mwanawe. Ameomba chui."

Hapo ndipo nilipopata wazo, na nataka ieleweke kwamba halikuwa wazo jema. Mawazo yangu huwa hayaji kwa wema. Nilikuwa na uchungu, sikusalimiwa mchana kutwa, na mbele yangu palikuwa na ofisi yenye mihuri. Yeyote aliyekaa bweni anajua ninachosema.

"Mzee, sheria inamkataza mtu kumlisha jike. Inamkataza ndege?"

Akacheka kidogo. "Ndege atakatazwaje? Ndege hasomi."

"Basi niandike mimi."

"Nikuandike mlinzi?"

"Niandike hondohondo. Dume. Nafasi ipo wazi tangu juzi, na mlinzi yupo nje kwenye benchi, hana kazi."

Mzee Ngwali aliiweka kalamu chini. Kisha akafanya jambo ambalo, nasikia, hajawahi kulifanya: aliitisha Baraza la dharura.

Lilikutana asubuhi iliyofuata, na mjadala wake ulikuwa mzito. Mjumbe mmoja aliuliza kama naweza kuruka. Nikajibu kwamba kuku wao nao hawawezi na hakuna aliyewavua undege. Mwingine aliuliza kuhusu mdomo. Nikasema walimu wangu wote wanaushuhudia urefu wake. Bwana Kondo alisimama kwa niaba ya walinzi wa chui.

"Tukimwandika huyu," alisema, "kesho kila mhuni atajiandikisha chui, na sisi itabidi tumlishe nyama."

"Wewe mkia wako unaulisha lini, Kondo?" akauliza mama wa vyura, na Baraza likahitaji kutulizwa kwa kengele.

Mwenyekiti akauliza nina ujuzi gani. Nikaeleza, kwa ukweli wote, kwamba dirisha la stoo ya shule yetu lina nondo, na kwamba kwa mwanzi mrefu uliopasuliwa ncha mtu mvumilivu anaweza kutoa maandazi kumi na manane kabla ya kengele, bila kuangusha hata moja. Mjumbe mmoja aliiandika hesabu hiyo kwa heshima.

Ndipo Bi Zamda akaomba kusema. Kwa kuwa hakuwa na kiumbe, mwenyekiti alitazama dari ili asionekane anamsikiliza.

"Nimemlinda dume miaka sita," alisema. "Nilimpenda. Nilimshonea Siku ya Hati bendera yenye picha yake. Jana kijana huyu ameniuliza dume alikuwa anakuja kwenye tundu mara ngapi kwa siku. Sikujua. Miaka sita, sijui. Nimekesha nikikumbuka. Nafikiri ni kama mara ishirini." Toka nje, kwenye mvule, ikasikika ile sauti, hafifu kuliko jana. Tk. "Nyinyi jadilini tu. Yeye hana robo mwaka."

Nilipitishwa kwa tofauti ya kura moja, na kwa masharti: ndege hasemi na watu, ndege hali mezani, ndege halali nyumbani mwa mtu ila kwa mlinzi wake, na watu hawasemi na ndege asiye wao. Mzee Ngwali akanigonga muhuri. Hivyo nikawa kiumbe.

Nilikuwa nimedhani itachekesha kwa muda mrefu zaidi.

Makuyu yalikuwa kwenye mkuyu wa mtoni, mwendo wa wimbo mzima wa shule na nusu yake. Nilikata mwanzi, nikaupasua ncha, nikabana tunda la kwanza, nikalipandisha hadi kwenye ufa. Ncha iliteleza, tunda likaanguka. La pili likaanguka. La tatu lilibaki pale mdomoni pa tundu kwa muda ambao niliweza kuhesabu vifungo vya shati langu mara mbili. Kisha likavutwa ndani, ghafla, kwa nguvu, na mwanzi wote ukatikisika mpaka kwenye bega langu. Sijui namna ya kulieleza jambo hilo kwa umakini unaostahili taarifa. Niliketi chini kidogo, basi.

Mara ishirini kwa siku. Jaribuni. Siku ya kwanza ni ushujaa, ya pili ni kazi, ya tano ni adhabu. Hakuna aliyenisemesha. Watoto waliambiwa wasinionyeshe kidole. Bi Zamda, aliyeruhusiwa kusema nami, hakujua aseme nini na ndege. "Umeamkaje, dume?" aliuliza kila asubuhi, nami kwa mujibu wa masharti nilijibu "kwaa," akaniwekea uji dirishani. Na jike hakuwahi kunitazama. Kwake nilikuwa ncha ya mwanzi. Nilitembea mtoni na kurudi, mtoni na kurudi, na nikagundua kwamba kazi ile haina mahali pa mzaha hata kidogo: tunda linafika au halifiki.

Ila jambo moja nililiona. Bi Zamda alianza kwenda mtoni mwenyewe. Sheria inamruhusu mlinzi kumlisha kiumbe wake, na mimi nilikuwa wake. Alikuwa akiniwekea makuyu kwenye ungo. Ninayapeleka wapi ni mambo ya ndege.

Siku ya kumi na nne makuyu ya mtoni yalikwisha. Tulitikisa kila tawi. Bi Zamda alirudi na ungo mtupu, nami nikaenda nyumba hadi nyumba nikichungulia nyua, maana hakuna aliyeweza kunijibu hata kama ningeuliza. Mkuyu mwingine ulikuwa mmoja tu, uani kwa Bwana Kondo, umejaa.

Nilisimama ukingoni mwa ua wake. Yeye hakuweza kusema na ndege wa mtu, na ndege hakuweza kusema naye. Tukatazamana. Toka kwenye mvule, ng'ambo ya uwanja, ilisikika tk, tk, tk, haraka haraka, na safari hii kulikuwa na sauti ya pili ndani yake, nyembamba. Kinda.

Bwana Kondo alikisafisha kisu chake. Akakiweka chini. Akauendea mkuyu, akauegemea kwa mgongo wake mpana, akaanza kujikuna.

"Mume wangu, una nini?" mkewe akauliza mlangoni.

"Mgongo unawasha."

"Unawasha kiasi cha kuung'oa mti?"

"Unawasha sana," alisema Bwana Kondo bila kubadilisha uso, na makuyu yakanimwagikia miguuni kama mvua ya mawe.

Kuanzia siku ile watu wa Kilamtu wakawa wazembe ajabu. Mwalimu wa mji ule alipita karibu nami, panzi akamponyoka kutoka kwenye karatasi. Mama wa vyura aliangusha mapapai madogo mara tatu mahali pale pale, na kila mara alisema, "Loo, mikono yangu hii." Yule aliyecheka siku ya kobe alijikwaa akiwa na kikapu kizima. Hakuna aliyevunja kifungu cha pili. Hakuna aliyesema nami neno. Lakini saa za asubuhi ilikuwa vigumu kupita uwanjani bila kukanyaga kitu kilichomponyoka mtu.

Siku ya thelathini na moja tope la tundu lilipasuka kutoka ndani. Habari ilienea, uwanja ukajaa. Vipande vilianguka kimoja kimoja, ukatokea mdomo, kichwa, kisha jike mzima, amechakaa, na manyoya mapya ya mbawa yamekunjamana kama shati lililotolewa sandukuni. Akaruka hadi tawi la juu. Hakutazama chini. Nyuma yake kinda likatokea mlangoni pa tundu, likashangaa ukubwa wa dunia.

Mbele yake, moja kwa moja, lilikuwa lile dirisha, limejaa anga.

Kila mtu aliliona kwa wakati mmoja. Watu mia kadhaa wakageuza shingo kumtazama Mzee Ngwali, aliyesimama mlangoni mwa ofisi na daftari mkononi, tayari kuuliza swali la kisheria: kinda ni la nani? Alifungua mdomo. Alilitazama kinda, likiinama mbele kama mwogeleaji. Akalitazama daftari.

Kisha akalitupa. Lilianguka kifudifudi vumbini, na mzee yule mwembamba akaingia ndani akikimbia. Tulisikia pete za pazia zikikwaruza kwenye fimbo yake, mkwaruzo mmoja mrefu, na anga likatoweka kwenye kioo. Kinda likaruka. Lilipepesuka, likalikosa paa kwa upana wa kiganja, likatua karibu na mama yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Zamda alikwenda, akaliokota daftari, akalipangusa vumbi kwa kitenge chake, akamrudishia mwenyewe.

"Limekuponyoka, Mzee Ngwali," alisema.

"Limeniponyoka," akakubali. Pazia halikufunguliwa tena.

Muhula ulikuwa unafunguliwa, na mimi nilipaswa kuondoka. Kiumbe akitolewa kwenye daftari ni lazima sababu iandikwe, na sababu zinazotambuliwa ni mbili, Amekufa au Amehama. Mzee Ngwali aliandika Amehama. Alikausha wino kwa pumzi, akataka kufunga, akasita. Bi Zamda alikuwa amesimama begani kwake.

"Ongeza," alimwambia.

"Niongeze nini?"

Akamnong'oneza. Mzee akaandika neno moja pembeni, kwa ule mwandiko wake mzuri, akanigeuzia daftari nisome. Lilisema: Anatarajiwa.

Nilitaka kusema jambo la kuchekesha. Ilitoka "kwaa" tu.

Shuleni nilimkuta matroni langoni na daftari lake. Alinipa wiki mbili za kufagia uwanja, kwa kutoweka bila ruhusa, na tangu hapo naondoa mifuko ya plastiki kwenye mfereji wa nyuma ya jiko, mahali ambapo si zamu yangu wala ya mtu yeyote. Wanaonicheka nawaambia iliniponyoka mikononi mwangu.

Ila siku ile langoni, matroni alipitisha kidole kwenye mstari wa jina langu, akauliza nilikuwa wapi. "Hapa umeandikwa hujachukuliwa," alisema.

Nikamjibu, kwa heshima zote, kwamba kuna daftari jingine.